Ua la uani na dawa ya saratani

Umeniuliza, shangazi, kama kweli ua la uani lina dawa ya saratani, na kama mjomba anayetibiwa saratani achemshe majani yake anywe. Ni kweli nusu. Lile ua la pinki la petali tano, linaloota hata mchangani kando ya kuta zetu hapa Malindi bila kumwagiliwa, ndilo lililotoa dawa mbili za saratani, vinblastini na vinkristini. Ya pili ndiyo wanayopewa watoto wenye saratani ya damu mpaka leo. Asili ya mmea ni Bukini, yaani Madagaska.

Ila kuchemsha majani unywe, hapana. Gramu moja tu ya vinblastini hutaka mamia ya kilo za majani makavu, isafishwe maabara, kisha idungwe kwenye mshipa kwa miligramu za kuhesabu. Nauza dawa, na hizi hatuziweki rafuni. Huzuia seli kugawanyika, mbovu na nzima, na vinkristini hudhuru mishipa ya fahamu pia, ndiyo maana mgonjwa wake hulalamika vidole kufa ganzi.

Na walioigundua vinblastini, watafiti Noble na Beer kule Kanada miaka ya 1950, hata hawakuwa wakitafuta dawa ya saratani! Walisikia majani yanatibu kisukari, wakawapa panya, sukari haikushuka kama walivyotaraji, chembe nyeupe za damu ndizo zilizoporomoka. Sasa fikiria mgonjwa ambaye chembe zake tayari zimeshushwa na dawa za hospitali, anaongezewa sufuria ya majani yasiyo na kipimo.

Kama mjomba ameshaanza kunywa, amwambie daktari wake kabla ya sindano ijayo. Asifiche kwa kuona haya.