Mdogo wako kiziwi anataka uchomeleaji: aanzie wapi?

Pole dada, na hongera kwa kumpigania. Umesema mdogo wako kiziwi kamaliza kidato cha nne, anapenda kuchomelea, na fundi wa mtaani kamkataa eti "hatasikia hatari". Karakana zenyewe kelele tupu, nani anasikia? Viziwi wanachomelea vizuri tu. La kubana ni macho: anaona na anaongea kwa hayo hayo, kwa hiyo asishike welding bila kinyago cha giza, hata kwa dakika moja.

Nenda VETA (chuo cha ufundi stadi) ya mkoani kwenu, au uliza nafasi chuo cha watu wenye ulemavu Yombo, Dar. Kabla ya kulipa ada uliza nani atamtafsiria kwa lugha ya alama darasani na karakanani. Wakijibu "atazoea tu", tafuta kwingine. CHAVITA, chama cha viziwi, waulize kuhusu wakalimani.

Akishahitimu, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Wengi hawaitekelezi, ila itaje kwenye barua ya maombi. Akitaka kujiajiri, ofisa maendeleo ya jamii wa kata atawaeleza mikopo ya halmashauri isiyo na riba.

Dalali anayedai "hela ya fomu" ya ajira, mkimbieni. Na akiachishwa kazi kwa sababu ya uziwi, muone mwanasheria haraka: malalamiko CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoamua migogoro ya kazi) hufunguliwa ndani ya siku 30.