Boli valvu: mambo ya kujua kabla hujashika mpini

Ukianza kazi kwenye kiwanda chenye mabomba, huenda kifaa cha kwanza kukabidhiwa kikawa boli valvu. Inaonekana nyepesi: mpini mmoja, robo mzunguko, basi. Kwa sababu hiyo wageni wengi hawaielezwi na wenyewe hawaulizi. Ninayoandika hapa ningependa kila anayeanza ayajue wiki ya kwanza, maana karibu yote hayaonekani ukiwa nje.

Ndani ya mwili wa valvu kuna tufe la chuma lililotobolewa katikati. Tundu likielekea sawa na bomba, mkondo unapita. Ukilizungusha digrii 90, ubavu wa tufe ndio unaoukabili mkondo na njia inazibwa. Tufe limebanwa na pete mbili laini, yaani siti, mara nyingi za tefloni, nalo huzungushwa na spindeli, yaani fimbo inayotokeza juu kupitia kwenye pakingi, ile nyuzi ya kuzibia uvujaji pembeni mwa fimbo hiyo. Mpini ukiwa sambamba na bomba, valvu iko wazi; ukikingama, imefungwa. Ila usiuamini mpini peke yake. Kwenye valvu nyingi mpini hutoka kwa kufungua nati moja tu, na aliyeurudisha baada ya matengenezo anaweza kuwa ameugeuza. Tazama kichwa cha spindeli: kwa kawaida kina mfereji au bapa zinazoonyesha tundu la tufe limekaaje. Alama hiyo haihami.

Kosa ninalolikuta kuliko yote ni kuiacha valvu nusu. Boli valvu ya kawaida ni ya kufungua yote au kufunga yote. Niliwahi kuifungua moja iliyokuwa imeachwa robo wazi kwa muda mrefu kwenye laini ya maji ya kupozea, eti kupunguza kasi ya maji. Tefloni ya siti ilikuwa imefura na kuingia kwenye tundu la tufe kama mdomo uliovimba, na juu ya ule uvimbe kulikuwa na mikwaruzo myembamba iliyochimbwa na maji. Ilipofungwa ilivuja, na hakuna kukaza kokote ambako kungeiponya. Sababu yake ni hii: valvu ikiwa nusu, maji yote hulazimika kupita kwenye mwanya mdogo kwa kasi kubwa yakipiga sehemu ileile, na sehemu ya siti isiyoegemewa na tufe husukumwa ikajaza nafasi iliyo mbele yake. Kama kazi yako ni kupunguza na kuongeza mkondo, omba globu valvu, yaani valvu ambayo kizibo chake hupanda na kushuka juu ya siti, au boli valvu ambayo tundu la tufe lake limechongwa umbo la V.

Jinsi tufe lilivyoshikwa nako kuna maana kubwa. Kwenye valvu ndogo tufe huelea. Limeshikwa na siti zenyewe na ncha ya spindeli tu, kwa hiyo presha hulisukuma likakandamiza siti ya upande ule mkondo unakoelekea, na siti hiyo ndiyo inayoziba. Ndiyo maana usishangae ukiona valvu ya namna hii inatoa matone presha ikiwa ndogo, halafu inakauka presha ikipanda. Kipenyo na presha vikiongezeka, tufe linaloelea lingeikandamiza siti mno hata mpini usizunguke. Hapo hutumika tufe lililoshikwa kwa mhimili juu na chini. Lenyewe halisogei, bali siti ndizo zinazosukumwa na springi pamoja na presha zikalifuata. Ukitaka kujua kwa nini valvu inavuja, anza kwa kujua ni ya aina gani kati ya hizo mbili.

Kisha kuna maandishi yaliyo kwenye mwili wa valvu, ambayo watu huyasoma haraka mno. Class 150 si presha ya psi 150 (psi na bar ni vipimo vya presha). Ni daraja, na presha inayoruhusiwa hushuka kadiri joto linavyopanda. Kwa chuma cha kaboni cha kusubu aina ya WCB, kiwango cha ASME B16.34, cha chama cha wahandisi mitambo wa Marekani, kinaruhusu bar 19.6 kwenye nyuzi joto 38 za Selsiasi, lakini kwenye nyuzi 200 ni bar 13.8 tu. Na huo ni mwili peke yake. Siti ya tefloni huanza kulainika na kupoteza nguvu mapema kuliko chuma, hivyo valvu ina mipaka miwili, na unaofikiwa kwanza ndio unaokuhusu. Vilevile ukiona 1000 WOG, ni psi 1000 za maji, mafuta au gesi visivyo na joto kali. Stimu haimo. Nimeona watu wazima na ujuzi wao wakilipita hilo, kwa hiyo usione haya kuuliza jedwali la mtengenezaji.

Jambo linalokwenda pamoja na hilo ni majaribio ya presha. Mwili wa valvu hujaribiwa kwa mara 1.5 ya presha inayoruhusiwa kwenye nyuzi 38, tufe likiwa nusu ili maji yajae kila mahali. Siti hujaribiwa kwa mara 1.1 tu, valvu ikiwa imefungwa. Kwa hiyo mkijaribu laini mpya kwa presha ya mara 1.5, usiifanye boli valvu iliyofungwa kuwa ndiyo kizuizi cha mwisho. Wekeni flanji butu, yaani sahani nzima isiyo na tundu inayofungwa kwa bolti mwisho wa bomba. Na kabla ya jaribio, laini ikisafishwa kwa maji, ziacheni valvu wazi kabisa, maana punje za kuchomelea zikinasa kati ya tufe na siti zitaacha mkwaruzo usiofutika.

Mkono uwe wa taratibu. Robo mzunguko unaweza kufanyika chini ya sekunde moja, na kwenye bomba refu lenye kimiminika kinachokimbia, kusimamisha ghafla kunarudisha pigo la presha linaloweza kutingisha vishikizo vya bomba na kuvunja geji. Kwenye oksijeni ya presha kubwa hatari ni kubwa zaidi: ukifungua ghafla, gesi hujibana kwenye sehemu iliyozibwa mbele, hupata joto kali, na joto hilo linaweza kuwasha siti au chembe ya grisi. Huko hutumika valvu ya kufunguka polepole.

Sasa nifike kwenye lile ninalolihofia zaidi kwa mgeni. Kati ya tufe na mwili wa valvu kuna nafasi ndogo, na valvu ikiwa imefungwa kabisa, hata ikiwa imefunguliwa kabisa, kimiminika kinaweza kubaki humo bila njia ya kutoka. Kimiminika hakikubali kubanwa. Jua au moto wa kuchomelea jirani ukikipasha, presha ya humo ndani hupanda kuliko ya laini yenyewe. Kwenye klorini ya kimiminika, tufe hutobolewa tundu dogo upande wa chanzo ili nafasi hiyo ipumue, na mwilini huwekwa mshale; ukiiweka valvu hiyo kinyume, haitaziba.

Kwa hiyo ukitumwa kuondoa boli valvu kwenye laini, geji kusoma sifuri hakutoshi. Hakikisha chanzo kimekatwa na kufungwa kwa kufuli lenye lebo ya jina lako, laini imeshushwa presha na kumwagwa. Kisha zungusha tufe hadi nusu, ukiwa umevaa kinga ya uso na umesimama pembeni, ili kilichobaki kwenye ile nafasi kitokee ndani ya bomba lililokwisha kufunguliwa njia. Iache hivyohivyo nusu unapoitoa. Legeza bolti za flanji ukianza na zile za upande usiokukabili, kidogo kidogo, na usiondoe nati hata moja mpaka uione gasketi, ile pete ya kuzibia kati ya flanji mbili, imeachia na pasitoke kitu.