Sumaku imezimwa, imezima au imezimia?

Mwalimu mmoja wa fizikia, yuko Morogoro, kaniandikia hivi:

"Shikamoo mwalimu. Naandaa kipindi cha klabu ya sayansi kuhusu LHC, ile mashine kubwa ya kugonganisha protoni ya CERN, maabara ya fizikia ya kule Geneva, iliyoharibika 2008, na sehemu ya kujaribu zile sumaku imenishinda kabisa. Nimeandika: 'Mafundi waliipooza sumaku kwa heliamu, kisha wakafanya majaribu na tume ya sumaku, lakini supakondakta ikazimwa ghafla ikaungua.' Wanafunzi wamecheka, ila nikiwauliza iandikweje nao hawajui. Hasa hilo neno la sumaku kuishiwa nguvu ghafla, quench kwa Kiingereza, nikitafuta kamusini napata kuzima moto na kukata kiu tu."

Marahaba mwalimu. Hao wanafunzi wana masikio, usiwakaripie. Sentensi yako ina makosa matano hivi na kila moja lina hadithi yake, ila hilo la mwisho ndo tamu kwahiyo naliweka pembeni kwanza.

Tuanze na kuipooza, hili ni kosa la kidole tu, o moja imezidi. Kupoza ni kufanya kitu kiwe baridi, unapoza chai, unapoza uji wa mtoto. Kupooza ni mkono kufa ganzi moja kwa moja, ni ugonjwa. Sasa sumaku iliyopooza kwenye somo la fizikia si mtu ataanza kuulizia fiziotherapi? Andika waliipoza. Na hapo waambie wanafunzi ilipozwa kiasi gani maana ndo utamu wenyewe: hadi kelvini 1.9, yaani nyuzi hasi 271 na kitu, na si kazi ya siku moja, kupoza kipande kimoja tu kati ya vinane vya mashine, ule mduara wa kilomita 27, kunakula wiki kadhaa. (Wengine wanaandika "nyuzijoto hasi 271". Si kosa, ila mi huwa nacheka, joto gani tena hapo.)

Majaribu sasa. Jaribio, majaribio, hayo ni ya maabara, ya mtihani, ya gari jipya. Majaribu ni mambo ya imani, ni yale ya "usitutie majaribuni", ni mitihani ya dunia, mtu kafiwa, kafukuzwa kazi, kaibiwa hata ng'ombe. Sumaku hufanyiwa majaribio. Japo kwa yaliyoipata ile mashine tarehe 19 Septemba 2008, mtu akisema ilipatwa na majaribu sitabishana naye sana.

Tume ya sumaku hapana, hiyo ni kazi ya programu ya kutafsiri. Imeona neno la Kizungu, commission, lenye maana kama nne ikachukua ile ya siasa. Ukilikwepa kwa kulitohoa na kuandika komisheni, umeingia kwa madalali, msomaji atauliza dalali kakata asilimia ngapi. Ukiandika kamisheni, umeingia jeshini, maana ndo maofisa wanayotunukiwa na Rais pale Monduli, na mi naiona kabisa sumaku ya tani 35 imesimama gwaride inapigiwa saluti. Kuna wanaopenda kuandika kuzindua, na hapa naomba nikae kidogo.

Kuzindua siku hizi ni utepe na mkasi, mgeni rasmi na kwaya. Kazi ninayoulizwa haina utepe. Ni mafundi wanapima kama kuna mahali panavuja, wanapoza, wanapima kama umeme hautoroki kwenda kwenye chuma, wanaingiza ampea kidogo, wanakaa, wanatazama namba, wanashusha, wanapandisha tena juu kuliko jana, na hivyohivyo wiki kwa wiki mpaka kitu kiaminike. Ushahidi kwamba haya ni mambo mawili tofauti wametupa CERN wenyewe. Mwale wa kwanza wa protoni ulizunguka ule mduara tarehe 10 Septemba 2008. Tarehe 19 mashine ikaharibika. Halafu uzinduzi rasmi, wenye viongozi na hotuba, ukafanyika tarehe 21 Oktoba, mashine imelala haina hata pa kupitisha mwale! Ikarudi kazini Novemba 2009. Kwahiyo ilizinduliwa bila kuwaka, na ilipowaka tena ilikuwa imeshazinduliwa mwaka mzima nyuma.

Mi ningesema kuingiza kazini. Majaribio ya kuingiza sumaku kazini. Ni refu kidogo lakini halina dalali wala mwanajeshi ndani yake. Kwenye habari fupi hata kuwasha kwa majaribio inatosha, si ndo tulivyosoma wakati mitambo ya Bwawa la Nyerere inaanza, na hakuna aliyeuliza maana yake. Watu wa pwani wana kushua, kuteremsha chombo kipya majini, neno zuri sana nalipenda, lakini ukishaambiwa sumaku imeshuliwa utaitafuta baharini.

Supakondakta tuiongelee haraka. Kondakta kwetu ni konda, anayening'inia mlangoni anapiga bati anadai nauli. Vitabu vya shule vina kipitishi, kitumie, kipo na kinaeleweka. Ila yule konda nakushauri umpe nafasi kwenye kipindi chako maana anafundisha vizuri: waya wa shaba ni konda, umeme ukipita lazima uache nauli, na nauli yenyewe ni joto, ndo maana waya mwembamba unapata moto. Ile nauli kwa Kiswahili cha fizikia ni ukinzani. Sasa waya wa niobi na titani ukishapozwa vya kutosha, konda anaacha kudai. Si kwamba anapunguza, hadai hata senti, unapitisha ampea 11,850 bila nauli yoyote, wakati pasi ya nyumbani inakula ampea nne au tano tu na tayari inanyoosha suti. Kwahiyo kipitishi kisicho na ukinzani. Ukitaka kifupi sema kipitishi kamili, ilimradi mara ya kwanza umeeleza.

Haya, lile tamu.

Umeandika ikazimwa. Kuzimwa kunataka mzimaji, kuna mkono umebonyeza swichi. Hapa hakuna aliyebonyeza. Kuzima bila huyo mtu, kama taa imezima au simu imezima, ni afadhali, lakini nayo inadokeza kwamba umeme umeisha tu au umekatika, hadithi imekwisha. Kuzima moto na kukata kiu za kamusi ndo mbaya zaidi kwa sababu zinanukia maji na ubaridi, kama fundi chuma anavyochovya panga jekundu kwenye ndoo likalia chwaaa. Na kinachotokea kwenye sumaku ni kinyume chake kabisa. Sehemu ndogo ya waya inapata joto kidogo, labda uzi umeteleza sehemu ndogo ya milimita ukasugua, basi pale pale konda anakumbuka kudai nauli, nauli inazaa joto, joto linamwamsha konda wa jirani, na ndani ya muda mfupi sana sumaku nzima imerudi kuwa waya wa kawaida wenye ampea elfu kumi na ushee tumboni, heliamu inachemka inatafuta pa kutokea.

Sasa mtu aliyekuwa amesimama vizuri, ghafla kaishiwa nguvu kadondoka, hajafa, ukimpa muda anarudi, tunasemaje? Amezimia. Sumaku imezimia. Hilo ndo jibu langu na nimelishikilia miaka kadhaa sasa. Nilianza kulitumia nilipopewa kazi ya kutafsiri maelekezo ya usalama ya chumba cha MRI, ile mashine ya hospitali inayopiga picha za ndani ya mwili, maana mle ndani ya ile mashine kuna sumaku ya ukoo huohuo, nyingi ni tesla 1.5 au 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku). Kulikuwa na kibao cha mlangoni kinachotakiwa kusema sumaku iko kazini muda wote hata taa zikikatika, nikaandika SUMAKU HAIZIMWI. Fupi, sawa. Ukurasa wa pili naambiwa sumaku inaweza kupoteza nguvu ghafla na heliamu ikatoka kwa bomba la juu kwenda nje, na nilikuwa nimeandika "sumaku ikizima". Muuguzi mmoja akasoma akanitazama: mbona mlangoni umesema haizimwi? Hapo ndo nikahamia kuzimia na sijarudi.

Uzuri wa kuzimia ni kwamba linakuja na ndugu zake. Kile kitufe cha dharura, au mafundi wakifanya makusudi, wanaizimisha. Na wanafanya makusudi kweli: kwenye zile sumaku za CERN, vipimo vikihisi sehemu moja imeanza kuzimia, vipasha joto vinawashwa viizimishe sumaku nzima, ili ule moto usambae mwilini badala ya kukaa sehemu moja ukayeyusha waya. Jina lake nimekuwa nikiandika mzimio, sina kibali cha baraza lolote, nimelibuni mwenyewe. Na ikirudi kwenye hali yake imezinduka! Maana kuzindua asili yake ni hiyo, kumwamsha aliyelala au aliyepoteza fahamu, mkasi na utepe vimekuja baadaye.

Utaniuliza kwa nini si kuzirai. Kuzirai ni sawa kabisa, tena vijana hawajaliharibu bado, maana kuzimia ukisema mbele ya kidato cha tatu kuna atakayekuuliza sumaku inamzimia nani. Mi nabaki na kuzimia kwa ajili ya huo ukoo tu, kuzimisha na mzimio. Kuzirai sijui ningelizalisha vipi.

Kitu kimoja si cha lugha ila kinabadilisha sentensi yako. Umeunganisha kuzimia na kuungua kana kwamba ni kitu kimoja. Kuzimia kwa kawaida si ajali, ni sehemu ya majaribio. Sumaku mpya ukiipandisha huzimia mapema, ukiipoza tena ukapandisha huzimia juu zaidi kidogo, nyuzi zinakuwa zimeshakaa pahala pake, na mafundi wanarudia mpaka ifike wanapotaka. Wenyewe wanaita mafunzo, lakini sumaku haifundishwi lolote, mi ningesema kuzoeza, kama kiatu kipya. Zile sumaku kubwa 1,232 za CERN kila moja ilipimwa kwenye baridi yake kabla haijashushwa chini ya ardhi. Kilichowaponza 2008 hakikuwa mzimio wa kawaida, ni kiungio kibovu kati ya sumaku na sumaku, sehemu ambayo haimo kwenye sumaku yoyote ukiipima peke yake.

Kwahiyo andika hivi: "Mafundi walikuwa wameshazipoza sumaku kwa heliamu hadi kelvini 1.9, na kwenye majaribio ya kuingiza kazini kipande cha mwisho kati ya vinane wakawa wanapandisha mkondo hatua kwa hatua. Mkondo ulipofika kama ampea 8,700, kiungio kimoja kikapata ukinzani, kikayeyuka, cheche kali ikatoboa chombo cha heliamu. Sumaku nyingi zikazimia, tani kama 6 za heliamu zikatoka, msukumo wake ukang'oa sumaku kwenye viti vyake, na 53 zikabidi zitolewe zikatengenezwe au zibadilishwe."

Halafu mwishoni mwa barua umeuliza kama unaruhusiwa kuandika masumaku. Kwenye karatasi ni sumaku moja, sumaku mbili, sumaku imezimia, sumaku zimezimia, ndo sanifu. Lakini ukiwa umesimama mbele ya darasa unaeleza dude la mita 15 na tani 35, sema masumaku mwalimu, na mikono uinyooshe.