Ng'ombe wanashiba mabua, lakini mmoja anatafuna mifupa

SWALI: Nina ng'ombe watatu chotara hapa Manyoni, Singida. Tangu malisho yakauke nawapa mabua ya mahindi, na wanashiba. Ila maziwa yameshuka, wamekonda, na mmoja kila akitoka huokota mifupa na kuitafuna. Chumvi nawawekea. Wanakosa nini?

JIBU: Ndugu mfugaji, anza na mifupa. Iokote yote uifukie kwa kina. Mifupa ya mizoga huweza kuwa na sumu ya botulizimu. Ng'ombe akiipata miguu hulegea, hushindwa kumeza, na mara nyingi haponi.

Kinachomsukuma kutafuna, kwa dalili ulizoeleza, ni upungufu wa fosforasi. Chumvi ya jikoni haina madini hayo. Ulizia DCP, yaani unga wa madini wenye fosforasi na kalsiamu, duka la pembejeo, au madini ya ng'ombe wa maziwa. Yale mawe ya kulamba soma kwanza maandishi yake, maana mengine ni chumvi karibu tupu.

Sasa mabua. Yakikauka huwa na protini asilimia 3 hadi 5 tu, wakati vijidudu vya tumboni vinavyomeng'enya nyuzinyuzi vinahitaji walau 7. Chini ya hapo chakula hukawia tumboni: ng'ombe anaonekana kashiba, kumbe anaishi kwa kuyeyusha nyama yake mwenyewe. Ukimrundikia mabua zaidi hapati nafuu.

Kwa bahati uko kwenye eneo la alizeti. Anayekamuliwa mpe mashudu yake, yaani makapi yanayobaki mafuta yakishakamuliwa, kilo 1.5 hadi 2 kwa siku, nusu asubuhi, nusu jioni. Hayo yana fosforasi pia, na pumba za mahindi vilevile.

Mashudu yakikushinda bei, tibu mabua kwa urea ile ile ya shambani: kilo 4 katika lita 50 za maji kwa kila kilo 100 za mabua makavu yaliyokatwakatwa. Nyunyiza tabaka kwa tabaka, shindilia, funika kwa nailoni hewa isipite, acha wiki tatu. Yakiiva hugeuka kahawia na harufu yake huchoma macho. Toa ya kesho leo jioni, yalale wazi harufu ipungue, na wazoeshe kidogo kidogo. Yenye ukungu tupa. Ndama wa chini ya miezi 6 na punda wasipewe kabisa. Ndoo ya urea nayo isibaki zizini hata dakika moja: ng'ombe akiinywa anaweza kufa ndani ya saa chache.

Maji yawepo mchana na usiku, kwani mlo mkavu huyataka mengi.