Mapengo kwenye aya na kichwa kilichobanana

Ndugu, umeuliza kwa nini aya za kipeperushi ulichoandika kwa Word zina mapengo meupe na kichwa chake kimebanana. Mapengo hayo yanatokana na kunyoosha maandishi pande zote mbili ndani ya safu nyembamba. Maneno yetu ni marefu: "wanaoshughulikia" lisipoenea linashuka zima zima mstari wa chini, na Word inatanua nafasi kati ya maneno yaliyobaki juu. Chagua aya zote, bonyeza Ctrl+L, zipangwe kushoto. Kwa safu nyembamba mimi sishauri kingine. Ukilazimika kubaki na pande zote mbili, weka kistari cha hiari kati ya silabi kwa Ctrl na kistari (-) cha safu ya namba juu ya kibodi: "wanaoshu-ghulikia". Kitachapishwa tu neno likikatika mwishoni mwa mstari. Usikate katikati ya gh wala sh, tafadhali.

Kichwa "TAARIFA KWA WAZAZI" kweli kimebanana. Kichague, bonyeza Ctrl+D kufungua dirisha la fonti, nenda kichupo cha pili, tanua nafasi ya herufi kwa pointi 1. Hapo hapo tia tiki kwenye kerningi, yaani urekebishaji wa nafasi kati ya jozi za herufi, isogeze W na A zinazoachana kuliko nyingine. Herufi ndogo za aya usiziguse. Zikitanuliwa, neno linasomeka vipande vipande.