Chuma kinapopinda kisha kikatulia: majibu kwa wasomaji

*Nguzo ya chuma inayopokea boti gatini kwetu ilipinda kidogo mara za mwanzo, kisha ikabaki vile vile. Je, ing'olewe? (Fundi wa kuchomelea, Malindi)*

Si lazima, bwana fundi. Chuma cha kawaida cha ujenzi, ambacho kikomo chake cha unyumbufu, yaani mkazo ambao chuma kikiupita hakirudi tena kama kilivyokuwa, ni kama megapaskali 250, kikisukumwa kupita hapo hupinda pasi na kurudi kikamilifu. Lakini mzigo ukiondoka, hubaki ndani yake mikazo, yaani nguvu za ndani ya chuma, inayosawazishana yenyewe kwa yenyewe, mahali pengine ikivuta na pengine ikibana. Boti ikija tena kwa nguvu ile ile, sehemu iliyokwishapita kikomo huikuta imekazwa tayari kinyume na mzigo, na nguzo hunyumbuka na kurudi bila kuongeza mpindo; huko ndiko tunakokuita kutulia. Shusha timazi kutoka kichwani mwa nguzo, andika umbali wake, kisha upime tena msimu wa kusi ukimalizika. Usiache kuangalia mishono ya kuchomelea, kwani nguzo iliyotulia nayo huweza kupata ufa wa uchovu, yaani unaoletwa na mzigo kurudiwarudiwa, baada ya miaka mingi.

*Nguzo yetu nyengine haiguswi na boti, inapigwa na mawimbi tu, nayo ndiyo iliyopasuka. Vipi? (Msomaji, Mkoani)*

Kabla ya hesabu yoyote, itazameni kutu, maana maji ya chumvi hula unene wa chuma na nguzo nyembamba huzidiwa na mzigo mdogo. Hata hivyo, swali lako linagusa jambo ambalo wengi hulipuuza, nalo ni mwelekeo wa mzigo. Tuchukue chuma chenye mkato wa mstatili, na momenti (nguvu ya kupinda) inayofikisha kingo zake kwenye kikomo tuiite 1. Chuma hicho huporomoka inapofika 1.5. Kikisukumwa upande mmoja tu, baina ya 0 na 1.4, hutulia. Kikipelekwa 1.2 upande huu na 1.2 upande wa pili, kila pigo ni dogo kuliko lile la 1.4, lakini mabadiliko yote ni 2.4, nayo yamezidi 2 (1 kila upande) ambayo kingo zinaweza kuyabeba kinyumbufu. Kwa hiyo kila wimbi linavuta na kubana chuma kupita kikomo, na kitakatika kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa. Ingekuwa nguzo inazidi kuinama upande mmoja kila msimu, hapo ningeshuku ugonjwa mwengine: mzigo wa kudumu, mathalani uzito wa sakafu ya gati, ukishirikiana na mzigo unaokwenda na kurudi.

*Je, nadharia ya Melan inafaa mzigo ukiwa wa ghafla? (Mwanafunzi wa uhandisi, Tunguu)*

Melan, mhandisi wa Austria, katika miaka ya 1930 alishughulikia mizigo inayobadilika polepole: ikipatikana mikazo baki isiyobadilika ambayo, ikijumlishwa na mikazo ya kinyumbufu (ile ambayo ingekuwapo kama chuma kisingepita kikomo kamwe), haivuki kikomo popote, muundo utatulia. Ceradini, mtaalamu wa Italia, mwaka 1969 aliipanua nadharia hiyo hadi kwenye mizigo ya kidinamiki, yaani inayobadilika haraka, ambapo mikazo ya kinyumbufu hukokotolewa pamoja na inesha (ukinzani wa kitu kubadilishiwa mwendo) na mtikisiko. Tofauti si ndogo, kwani mzigo uliowekwa ghafla kwenye muundo usiofifisha mtikisiko huleta mnyumbuko mara 2 ya ule uliowekwa taratibu.

Walimu wengi huishia hapo, na mimi naona si haki. Nadharia inasema muundo utatulia. Haisemi utakuwa umepinda kiasi gani kabla ya kutulia. Kwa pigo moja la muda mfupi, kama la boti iliyokosa breki, kutulia ni jambo la hakika endapo nguzo haikuanguka, hivyo swali la maana linakuwa ni umbali wa mpindo, na huo unahitaji hesabu yake.

*Hesabu hii ingeweza kutumika Beit al-Ajaib kabla haijaporomoka sehemu yake mwaka 2020? (Msomaji, Mji Mkongwe)*

Kwa kuta zake, hapana. Mawe ya matumbawe na chokaa hayana mgeuko wa kudumu wa aina ya chuma, yakivutwa hupasuka.