Betri orijino au ya kampuni nyingine? Niliyojifunza kwenye kumbi za harusi

"Dada, ninunue orijino moja au za kawaida tatu?" Wadogo zangu wanaoanza kupiga picha za harusi hapa Dar wananiuliza hivyo kila mara. Nami huwarudishia swali: betri hiyo ikizima ghafla, utakuwa wapi?

Mimi ilinizimikia kwenye kicheni pati, Tabata. Somo alishamaliza kumfunda bibi harusi mtarajiwa, mama mzazi akainuka kwenda kumvisha mwanawe khanga. Kamera ilikuwa inaonyesha chaji zaidi ya nusu. Nikabonyeza, ikapiga picha moja, skrini ikawa nyeusi. Kubadilisha betri hakukunichukua hata nusu dakika, lakini nilipoinua kamera tena mama alikuwa ameshamkumbatia binti na kurudi kwenye kiti chake. Picha ile haipo. Wiki ile mama yule alinipigia simu mara mbili kuiulizia, kwa upole kabisa, na upole wake uliniumiza kuliko kama angenifokea.

Betri ile iliandikwa Canon, na niliuziwa kama orijino. Nilipoiweka kwenye mizani ya jikoni pamoja na ile iliyokuja na kamera, ilikuwa nyepesi waziwazi. Maandishi yake nayo yalikuwa na kingo zilizochoka.

Ndiyo maana nasema kuna betri za aina tatu, si mbili. Kuna orijino. Kuna ya kampuni nyingine, ambayo imeandika jina lake yenyewe juu yake. Na kuna feki, iliyovaa jina la kampuni iliyotengeneza kamera. Hiyo ya tatu ndiyo ya kuogopa. Kampuni iliyoandika jina lake, ikiharibu, unajua usinunue tena kwake. Aliyejificha nyuma ya jina la mwingine hana cha kupoteza. Orijino ikiuzwa kwa bei ya betri ya kawaida, rudisha mkono mfukoni.

Usiyumbishwe na namba kubwa za mAh, yaani kipimo cha chaji ambayo betri inaweza kubeba. Chukua mfano wa LP-E6, betri ya Canon ninayoifahamu zaidi. Ilipotoka mwaka 2008 na kamera ya 5D Mark II ilikuwa na mAh 1,800. Mwaka 2014 ikaja LP-E6N yenye 1,865, na mwaka 2020 LP-E6NH yenye 2,130. Miaka 12 kwa Canon yenyewe, nyongeza ni mAh 330, na umbo halikubadilika. Ndani yake kuna seli mbili za lithiamu zilizounganishwa kupata volti 7.2, na nafasi ya seli ni ileile. Sasa mtu akikuletea ya ukubwa huohuo, bei ya chini, imeandikwa 2,800, jiulize hizo zilizozidi zimekaa wapi.

Ndani pia kuna kisakiti cha kukata umeme betri ikizidishiwa chaji au ikipata shoti, na chipu inayozungumza na kamera. Chipu hiyo ndiyo inayokuambia asilimia zilizobaki. Kwenye menyu ya Canon, sehemu ya taarifa za betri, orijino za LP-E6 huonyesha pia afya ya betri kwa vijistari vitatu vya kijani. Ikizeeka inageuka nyekundu. Kamera ikiuliza kama betri ina nembo ya Canon, maana yake mazungumzo hayo yamekwama. Unaweza kuendelea kupiga, ila usiamini tena alama ya chaji, na wakati mwingine chaja ya orijino inagoma kabisa kuichaji.

Je, za kampuni nyingine hazifai? Zinafaa sana, nami ninazo. Taa zangu za LED zinatumia betri za umbo la NP-F la Sony, na sijawahi kununua orijino hata moja kwa ajili ya taa. Taa ikizima, unaweka nyingine, hakuna aliyepoteza kitu. Kwa picha za studio, bidhaa za wateja, au mazoezi ya ufukweni Coco, hali ni hiyohiyo. Lakini pete zinapovishwa, kamera yangu inakuwa na orijino, na orijino ya pili iko mfukoni. Za kampuni nyingine zinafuata baada ya hapo, keki ikishakatwa na muziki umeanza.

Mwenye kamera isiyo na kioo ndani (mirrorless) ajipange zaidi. EOS R6 ya Canon, ya aina hiyo, kwa kipimo cha kiwandani inapewa picha 380 kwa chaji moja ukitumia kitafutio, kile kitundu cha kuchungulia. 6D ya zamani, yenye kioo, ilipewa 1,090. Ukumbini utapata zaidi ya hizo ukipiga mfululizo, lakini tofauti utaiona.

Betri mpya, ya jina lolote, siipeleki kazini kabla ya kuijaribu nyumbani. Naijaza, narekodi video mpaka izime, naandika dakika, kisha nafanya vivyo hivyo kwa orijino. Naitazama hasa inavyokufa: ikishuka polepole mpaka mwisho, sawa, ikiruka kutoka nusu hadi sifuri, hiyo ndiyo ile ya Tabata. Kila betri ina namba niliyoiandika kwa kalamu ya wino mzito, ili nijue ipi ilinisumbua.

Ukisafiri kwa ndege, betri za akiba zikae kwenye begi la mkononi, na vile vichuma vyake vya kupitisha umeme vimefunikwa. Na ikianza kuvimba, hata kidogo tu, hata ikiwa orijino, usiichaji tena wala usiitoboe. Niliwahi kuona fundi akihangaika kuchomoa moja iliyonasa ndani ya kamera ya rafiki yangu, na mlango wa betri ukavunjika.